Jaji Waliyemruka

Taarifa ya habari ya saa moja asubuhi ilimkuta Jaji Devisara Pariyar kibarazani kwake, anakunywa chai ya maziwa kwa mchele wa kupondwa, huku baba yake akitunga uzi kwenye sindano ya cherehani. Redio ilikuwa dirishani. Mtangazaji alisoma majina ya majaji wapya wa mahakama za rufaa kwa sauti ileile aliyosomea bei ya vitunguu. Jina la Lokendra Acharya lilikuwemo. La Devisara halikuwemo. Alimaliza chai, akasuuza glasi, akavaa koti lake jeusi juu ya sari nyeupe, na hapo ndipo mzee Sukbir alipoinua macho.

"Mikono ya koti imepanda," alisema.

"Kitambaa kimerudi, baba. Nimekifua kwa maji ya moto."

Mzee aliacha sindano, akautoa shingoni utepe wa kupimia, akampima begani mpaka kiganjani, kisha utosini mpaka kisiginoni. Akampima tena, kwa kuwa alikuwa fundi.

"Kitambaa ninachoshona mimi hakirudi," alisema. "Wewe ndiye uliyekwenda mbele. Umeongezeka shubiri nzima."

"Nitachelewa kazini."

"Nenda. Jioni nitashusha pindo."

Devisara alikuwa amevuka miaka hamsini, umri ambao wengine huanza kupungua. Alishuka ngazi za mawe mpaka barabarani, akapita kituo cha basi na vibanda vya machungwa, akainama kwenye mlango wa mahakama ya wilaya ya Simalchaur. Mlango ule kila mtu aliinama kuuingia. Wazee walioujenga walitaka mgeni asalimie nyumba kabla ya kusalimia wenyewe. Siku hiyo Devisara aliinama zaidi kidogo, akasikiliza mashauri yake yote, na jioni magoti yalimuuma kama meno ya mtoto yanapoota.

Juu ya uteuzi hapakuwa na siri. Nafasi ikipatikana kwenye mahakama ya rufaa, jopo hukutana mji mkuu, chai hunywewa, majina hutoka. Lokendra Acharya alikuja Simalchaur akiwa kijana, jaji mdogo asiyejua hukumu inaanzia wapi, na Devisara ndiye aliyemfundisha kuandika bila kuzungukazunguka. Mjomba wake Lokendra alikuwa mjumbe wa jopo. Watu walilijua hilo kama wanavyojua mto unatiririkia upande gani, na hakuna aliyemlaumu mto.

Devisara naye alikuwa na lake lililojulikana. Pariyar ni jina la watu wa sindano na zumari. Hushona nguo za harusi, hupiga muziki wa harusi, na maji waliyoyagusa hayanywewi na wenye harusi. Mzee Sukbir aliwashonea watu wa kilima kile tangu ujana wake, akikaa na cherehani kwenye vibaraza vyao. Mabega ya kila mtu aliyajua, na jiko la mtu hajapata kuliona hata moja.

Pale mahakamani msajili alikuwa Ghanashyam Regmi, mtu mpole mwenye miwani, aliyemheshimu sana jaji wake. Alisimama kila anapoingia. Pia aliiweka glasi ya chai ya jaji peke yake, upande wa pili wa rafu.

"Si kwa ubaya, Mheshimiwa," aliwahi kumwambia. "Ni mazoea ya mikono tu."

Devisara aliichukua glasi yake, akanywa. Mambo ya namna hiyo aliyameza, na kwa miaka mingi watu walidhani yanaishia tumboni.

Baada ya sikukuu ya Dashain nafasi nyingine ikatokea. Redio ikasoma, jina lake halikuwemo, na kufikia mchana kichwa chake kilikuwa kinagusa taa ya chumba cha kazi. Nafasi iliyofuata ikampa mtu mmoja aliyepata kushindwa mtihani wa majaji mara mbili, na siku ile Devisara alirefuka hata viatu vikapasuka. Seremala akaja akainua meza yake juu ya matofali. Mlango ukakatwa juu, ukawa na umbo la mtu aliyevaa kofia. Mzee Sukbir aliongeza vipande vya kitambaa cheusi kwenye koti, kimoja baada ya kingine, na kwa kuwa weusi wa viwanda haufanani, koti likawa na mistari kama shamba la matuta ya ngazi mlimani.

Mjini watu walizoea haraka. Aliyekuwa na kuku aliyenasa juu ya paa alimsubiri jaji apite.

"Wenyewe wanamruka," alisema mama muuza machungwa pale kituoni, akimfungia mteja. "Basi naye anarefuka. Tuone watamruka mpaka lini. Na wao miguu yao mifupi."

Devisara alilisikia neno hilo, kwa kuwa sasa alisikia vitu vilivyosemwa ng'ambo ya barabara, na alicheka kidogo kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ile ya redio.

Mwaka uleule likaja shauri la Juneli Bishwakarma. Juneli alikuwa mjane wa mhunzi, wa watu ambao maji yao nayo hayanywewi, mwenye ulimi wake. Siku moja ya kiangazi bomba la upande wao lilikauka, akaenda na mtungi kwenye chemchemi ya upande wa juu, akateka. Mwenye kinu cha mpunga alimkuta pale, akamvunja mkono kwa mpini wa jembe, akaumwaga mtungi, kisha akaita kuhani aje aisafishe chemchemi. Watu waliona. Kuhani mwenyewe alikuja kutoa ushahidi, akaeleza kwa fahari jinsi alivyoisafisha.

Devisara alisikiliza ameketi chini, magoti yakiwa pande zote mbili za meza. Akamhukumu mwenye kinu kwenda jela na kumlipa Juneli fidia. Hukumu ilikuwa fupi. Mshtakiwa akakata rufaa Ratnapur, makao ya mahakama ya rufaa, na rufaa ile ikaangukia kwa Lokendra Acharya na mwenzake mmoja. Kabla baridi haijaisha, hukumu ilitenguliwa. Walisema mawe ya chemchemi huteleza, na mwanamke mwenye mtungi anaweza kuanguka mwenyewe.

Mwenye kinu alirudi Simalchaur na shada la maua shingoni, mbele yake wapiga zumari na ngoma aliowakodi. Wapigaji walikuwa Pariyar, wapwa wa mzee Sukbir. Walipita mbele ya nyumba ya jaji wakipiga huku wanatazama chini. Walikuwa na watoto wa kulisha. Mzee Sukbir alisimama kibarazani mpaka sauti ilipopotea, kisha akaingia ndani, akalala na viatu.

Siku iliyofuata Juneli alikuja mahakamani, mkono umepona upande, umepinda.

"Mheshimiwa," alisema, "wewe ukisema ndiyo, kuna mtu huko juu anasema siyo."

"Ndivyo ilivyo, dada."

"Sasa kwa nini wewe hauko huko juu?"

"Hawanipandishi."

Juneli alimtazama kuanzia miguuni, taratibu, mpaka shingo yake ikagota nyuma.

"Lakini unapanda," alisema.

Devisara alifikiri juu ya hilo siku nyingi. Hasira yake alikuwa akiionea haya tangu utotoni, kama mtu anavyoonea haya nguo iliyochanika mahali pabaya, na sasa ilikuwa imesimama hadharani na kila mtu anaipima kwa macho. Akagundua kwamba haya yenyewe imekwisha. Hakujua ilikwisha siku gani. Alijua tu kwamba alikuwa anatembea wima.

Nafasi nyingine mbili zilipotangazwa kwa pamoja na zote mbili zikaenda kwingine, dari ya chumba cha mahakama ilipasuka. Msajili Regmi alipanda kwenye kiti, akachungulia tundu, akashuka, akahamishia mahakama uani. Jaji aliketi kwenye ardhi juu ya zulia, mawakili wakasimama mbele yake, na mashauri yakaendelea vizuri tu, tena kwa kasi zaidi, kwa sababu shahidi anayetaka kudanganya hupata shida akilazimika kuinua uso juani.

Tatizo lilikuwa mvua. Masika ya kule hayana mchezo. Yakianza hushika wiki nzima bila kupumua, na faili za mahakama zikaanza kuota kuvu. Regmi aliandika wizarani kuomba paa liinuliwe. Wakamjibu kwamba fungu lililopo ni la rangi ya ukuta. Akaandika tena, akajibiwa achague rangi.

Ndipo jopo likaanza kuulizana kama jaji huyu anaweza kustaafishwa kwa maradhi. Daktari wa wilaya aliagizwa. Alikuja na ngazi ya mianzi, akamsikiliza moyo, akamgonga magoti kwa rungu la kupigia ngoma kwa kuwa kinyundo chake kilikuwa kidogo mno. Akashuka.

"Mheshimiwa ni mzima kuliko mimi," alimwambia Regmi. "Anachougua hakimo kwake. Kiko huko mji mkuu, na mimi sina kibali cha kutibia kule."

Ripoti ilisema tu kwamba ni mzima. Basi jopo likamwita aende akajieleze.

Alisafiri ndani ya lori la matofali lisilo na turubai, ameketi nyuma, baba yake mbele kwa dereva. Kwenye vizuizi vya barabarani polisi walitazama shehena, wakamwona, wakapiga saluti, na lori likapita bila kusimama. Dereva alisema katika miaka yake yote barabarani hajapata mzigo wenye baraka kama ule.

Jopo lilikutana kwenye nyumba ya zamani yenye msingi wa mawe mrefu. Mlango haukumtosha, kwa hiyo aliketi uani, uso wake ukawa sawasawa na dirisha la chumba cha mkutano. Ndani walikuwa wajumbe watano kuzunguka meza. Mwenyekiti alikuwa mzee mnyofu wa sura, kofia ya maua kichwani. Katibu, Tikaram Dhungel, alifungua dirisha lote, akasogeza bakuli la njugu lisimwagike.

"Karibu, Mheshimiwa," mwenyekiti alisema. "Kaa, tafadhali."

"Nimekaa."

Mwenyekiti alitikisa kichwa. "Safari ilikuwaje?"

"Nzuri."

"Tumesikia kuna shida ya jengo huko Simalchaur."

"Shida ya jengo ni ya juzi," Devisara alisema. "Iko nyingine ya zamani. Nimekuwa wa kwanza kwa daraja na kwa miaka ya kazi mara zote hizi. Mmeniruka. Nimekuja mniambie sababu."

Wajumbe walitazama njugu. Mjomba wake Lokendra alikuwa miongoni mwao, mtu mnene mwenye pete ya jiwe la kijani, akasafisha koo.

"Hakuna anayekuchukia, mama. Kazi yako tunaijua, safi kabisa. Ila mahakama ya rufaa ni nyumba ya zamani. Ina desturi zake. Hatujapata kuwa na mtu wa... wa upande wenu. Wakati wake utafika."

"Wakati nimeungoja," Devisara alisema. "Niliuona ukipita Simalchaur. Lokendra alikuwa amekaa ndani yake."

Mmoja wa wajumbe aliguna kama mtu aliyepaliwa, akanywa maji. Mwenyekiti akasema jambo hili litaangaliwa kwa makini, na kwa sasa, kwa vile wajumbe wote wapo, wamalize kwanza ajenda ndogo iliyobaki. Katibu Dhungel akasoma: nafasi moja, mahakama ya rufaa ya Ratnapur. Mwenyekiti akataja jina. Lilikuwa la kijana mmoja, mkwe wa mtu. Wajumbe wakainua mikono, mmoja mmoja, kwa uvivu, kama watu wanaofukuza nzi.

Uso wa Devisara ukaondoka dirishani.

Uliondoka kwenda juu, bila haraka. Mwenyekiti aliona kidevu, kisha kola nyeupe, kisha vifungo vya koti, kisha pale kitambaa cheusi cha mwanzo kilipoungana na cha pili. Kutoka juu vilisikika vigae vikisogea. Mzee Sukbir, aliyekuwa ameketi kwenye ngazi za uani, alisimama na kusema kwa utulivu, "Taratibu, mwanangu, mshono wa begani."

Katibu Dhungel alichungulia nje, akatazama juu muda mrefu, akaingiza kichwa ndani.

"Bado amekaa," aliwaarifu.

Mwenyekiti akavua kofia, akaivaa tena. "Mwambie ashuke."

"Anasema hajapanda," alisema Dhungel baada ya kuchungulia tena. "Anasema mmemrefusha nyie."

Mjomba wa Lokendra alipendekeza afukuzwe. Katibu akakumbusha kwamba jaji hafukuzwi bila kosa, na urefu haumo katika makosa. Mwingine akapendekeza arudishwe Simalchaur. Katibu akauliza arudishwe na nini, na akirudishwa atakaa wapi, na mvua hizi. Mwingine tena akasema mkutano ujao waendelee na uteuzi kama kawaida, mambo yatajituliza yenyewe.

"Mkutano ujao," Dhungel alisema, "kama tutamruka tena, mimi sitakaa chini ya paa hili."

Basi wakaanza kufikiri. Waliulizana ni mahakama gani nchini yenye dari ya kumtosha, na haikuwepo ila moja. Mahakama ya rufaa ya Ratnapur ilikuwa kwenye jumba la mtawala wa zamani, aliyejenga ukumbi wa kuchezea dansi na mlango wa kupitisha ndovu, kwa kuwa alipenda kuingia kwenye sherehe zake bila kushuka. Ndani ya ukumbi ule njiwa waliishi juu na popo chini yao, na bado nafasi ilibaki. Tatizo ni kwamba pale hawezi kuketi jaji wa wilaya. Anayeketi pale ni jaji wa rufaa. Mwenyekiti aliizungusha hoja hiyo mezani kama mtu anayetafuta upande wa kushikia chungu cha moto. Mwisho akasema jina la yule mkwe litasubiri.

Dhungel alitoka nje mwenyewe kumsomea. Alisimama kwenye ngazi ya juu kabisa na kupaza sauti.

"Mheshimiwa Devisara Pariyar anateuliwa kuwa jaji wa mahakama ya rufaa ya Ratnapur, kwa sababu za dari."

"Andikeni sababu ya kweli," sauti ilisema kutoka juu.

Katibu hakuwa mtu mbaya. Alikuna shavu kwa kalamu. "Mheshimiwa, sababu ya kweli haina kifungu."

Devisara alitazama mbele. Kutoka pale alipo aliuona mji mkuu wote, na nyuma yake milima ya theluji, na kwa mara ya kwanza aliiona bila kuinua kichwa. Angeweza kukataa. Cheo cha kupewa kwa ajili ya dari si cheo ambacho mtu angemwombea mwanawe. Lakini alimfikiria Juneli na mkono wake uliopona upande, na wote ambao bado hawajavunjwa mikono, na akaona kwamba hao hawatauliza jaji ameingia kwa sababu gani. Watauliza kama yumo.

"Nitakwenda," alisema. "Ila mlango wa ndovu ufunguliwe. Mimi sitaingia kwa kutambaa."

Mlango ulifunguliwa siku ya Jumapili, mwanzo wa wiki, baada ya mafundi kupaka bawaba mafuta ya haradali tangu Alhamisi. Watu wa Simalchaur walikuja kwa mabasi, juu na ndani. Wapwa wa mzee Sukbir walikuja na zumari ndefu zilizopinda na ngoma zao zote, na wengine wa ukoo wao wakaja kutoka vilima ambavyo Devisara alikuwa hajapata hata kuvisikia. Hapakuwa na aliyewakodi. Kwa mara ya kwanza walikuwa wanampigia mtu wao, na walipiga mpaka mbwa wa Ratnapur wakaacha kubweka wakakaa kusikiliza. Mkubwa wao, aliyepita mbele ya nyumba ya jaji akitazama chini siku ile ya mwenye kinu, alipuliza akitazama juu, mashavu yamejaa, machozi yanamtoka.

Devisara alitembea katikati ya barabara katika koti jipya la kitambaa kimoja, weusi mmoja toka kola hadi pindo. Alikuwa mkubwa, na jua la asubuhi lilimfikia yeye kabla ya kuwafikia wengine. Akina mama walirusha maua, na maua yakamfika kiunoni. Alipita mlango wa ndovu wima. Hakuinama hata kidogo. Wale waliomfuata baadaye walisema kwamba hicho ndicho walichokuja kukiona, na mengine yalikuwa nyongeza.

Mzee Sukbir alisimama kizingitini. Mguu mmoja ulikuwa tayari unatafuta mahali pa kuketi pale nje.

"Baba," Devisara alisema kutoka ndani, na ukumbi mzima ukasikia. "Ndani."

Mzee akavua viatu, akavuka. Alipita sakafu yote ya marumaru, akapita mawakili waliompisha, akaketi kiti cha mbele. Akazitazama kuta, akazitazama taa za vioo, akawatazama wale njiwa.

"Kumbe ndani kuko hivi," alimwambia jirani yake. "Mimi nilidhani kuna cha maana zaidi."

Katika kikao cha kwanza Devisara alipangwa na Lokendra Acharya. Kichwa cha Lokendra kilifika kwenye kiwiko chake. Shauri lilitoka kijiji cha Lamidanda, msichana wa watu wa namna ya Juneli, aliyechomwa kwa maji ya moto kwa kuingia kwenye zahanati akiwa na mtungi wa maji ya mgonjwa. Hukumu ya chini ilimtia mshtakiwa hatiani, naye amekata rufaa. Juneli alikuwa miongoni mwa wasikilizaji. Asubuhi alikuwa amemfuata Devisara kwenye ua.

"Langu lilishakufa, siyo?"

"Lako lilishakufa, dada. Hata lingekuwa hai nisingeligusa, maana niliamua mimi. Hili ni la yule mtoto wa Lamidanda."

"Basi nimekuja kumsikilizia yeye," Juneli alisema, akaenda akakaa karibu na msichana.

Wakili wa mshtakiwa alizungumza kwa ufasaha mkubwa juu ya sakafu za zahanati na jinsi zinavyoteleza. Alipomaliza, Lokendra alikuwa tayari ameshika kalamu. Akaandika neno moja, akasita. Kivuli cha jirani yake kilikuwa kimeangukia karatasi.

"Dada," alinong'ona, kama alivyokuwa akimwita zamani Simalchaur, "unaonaje?"

"Soma ushahidi, Lokendra."

"Nimesoma."

"Umesoma hoja za wakili. Soma ushahidi."

Akasoma. Ilimchukua muda, na ukumbi ulimngoja, na njiwa mmoja alivuka toka upande hadi upande. Lokendra hakuwa mjinga. Alikuwa tu hajapata kuketi karibu na mtu aliyemlazimu kusoma hadi mwisho. Alipofika mwisho alifuta lile neno, akaandika jingine. Rufaa ilitupwa. Devisara aliisoma hukumu kwa sauti yake ya kawaida, na kwa vile sauti ilikuwa inatoka juu kule, ilipita madirishani na kusikika mpaka sokoni, ambako wauza viazi walisimamisha mizani. Msichana wa Lamidanda hakulia wala hakucheka. Juneli alimshika mkono kwa ule wake uliopona upande, wakatoka kwa mlango wa ndovu, katikati kabisa.

Chumba cha chai cha majaji kilikuwa nyuma ya ukumbi. Walimnunulia Devisara glasi mpya, kubwa kama ndoo ndogo, wakaiweka peke yake kwenye rafu ya mwisho. Walisema ni kwa sababu ya ukubwa. Devisara alitazama rafu, akaichukua glasi, akainywea chai barazani mbele, mahali ambapo kila mtu anapita.

Baada ya wiki chache jopo lilikutana tena. Yule mkwe wa mtu alipewa nafasi ya magharibi. Mpwa wa mwingine akapewa ya kusini. Kisha, kwa kuwa dharura ile ilikuwa imewatisha wote, wajumbe walijadili namna ya kuzuia isitokee tena, na wakapitisha azimio kwa kauli moja. Regmi, aliyekuwa ameomba uhamisho akafuatana na jaji wake Ratnapur, alilisoma mbele yake kabla ya kikao cha asubuhi: kuanzia mwaka ujao mahakama zote za wilaya zijengwe upya kwa dari ndefu na milango mipana, ili jaji yeyote wa wilaya, awe na urefu gani, aweze kubaki hukohuko wilayani.

Alikunja karatasi, akasubiri.

Devisara alicheka. Kicheko kilitikisa taa za vioo, zikalia kama njuga, na vumbi la mtawala wa zamani likaanguka taratibu juu ya mabega ya mawakili.

"Waandikie," alisema. "Waambie dari waziweke juu. Juu sana. Tunakuja wengi."

Regmi aliandika hivyohivyo, neno kwa neno, akapiga muhuri. Kisha shauri la kwanza likaitwa, la mpaka wa shamba la iliki, na watu wote ukumbini wakasimama.